Kopo la Mti Mrefu

Nilipokuwa mtoto pembezoni mwa Goma, kwenye njia ya Sake, sote tulijua kwamba mlima wa moto una kiu. Mvua ilinyesha mpaka tukachoka nayo, lakini hakuna kijito kilichopita kwetu. Maji yote yalizama katika mawe meusi. Koko, mama yake baba, alisema mlima huyanywa huko juu na kuyatapika chini, karibu na ziwa. Siku hizi waliosoma hunieleza jambo lile lile kwa maneno marefu.

Mahali yalipotapikwa palikuwa na chemchemi ndogo, ndani ya shimo. Maji yake yaliivisha maharage upesi kuliko ya ziwa, basi mama aliyapenda. Koko aliyaogopa.

"Maji ile iko na mwenyewe," alituonya mimi na dada yangu Zawadi. "Ni mazuku. Muende jua ikiisha kupanda, na muchote mukisimama. Mwenye kuinama anabaki."

Ndiyo maana tulikuwa na kopo lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu kama fimbo, tuchote bila kushuka shimoni. Kulibeba ilikuwa kazi yangu, na niliichukia.

Siku ile Zawadi alikuwa na mtihani, tukatoka kabla ya jua. Hapakuwa na upepo hata kidogo.

"Kopo iko wapi?" akaniuliza pale shimoni.

"Nimesahau."

Nilisema uongo. Nilikuwa nimeliacha nyuma ya choo, kwa uvivu tu.

"Aah, weye! Ile ni mambo ya koko." Akashuka na bidoni, dumu letu la maji, akainama.

Hakupiga kelele. Alijilaza kando ya maji kama mtu aliyechoka. Nilimwita, nikamwita tena. Nilitaka kushuka, lakini karibu na mkono wake niliona ndege wawili wamekufa, nikakimbia kumwita baba. Wanaume walimtoa kwa kamba, amekwisha kufa.

Leo najua mazuku ni hewa nzito itokayo ardhini, hujaa mashimoni asubuhi za baridi. Haina hasira na mtu. Ningependa kuilaumu, nashindwa.

Koko alimlaumu mwenye maji mpaka anakufa. Mimi alinisifu mbele ya kila mgeni kwa kuwa sikushuka: "Huyu mutoto iko na masikio."

Nami niliinamisha kichwa.