Dualeh Ampeleka Mama Isiolo kwa Ndege

Katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, aliishi fundi wa injini aitwaye Dualeh Warsame. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa jeshini akitengeneza injini za ndege, na aliporudi akapata kazi ya ufundi kwenye klabu ya marubani iliyokuwa nje ya mji. Wanachama wote wa klabu ile walikuwa Wazungu wenye mashamba ya Njoro na Mau Narok. Dualeh alizitengeneza ndege zao miaka tisa kabla hajathubutu kusema kwamba na yeye anataka kurusha.

Aliyemsikiliza ni mkulima mmoja wa ngano wa Njoro, mzee anayechechemea, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa marubani pale. Watu wa Bondeni walimwita Bwana Kiguu.

"Wewe nitengenezee trekta zangu Jumapili," akamwambia Dualeh, "na mimi nitakufundisha Jumamosi."

Wanachama walinung'unika, na mmoja akajitoa kabisa. Bwana Kiguu hakujali. Mwezi wa Desemba mwaka 1957 leseni ya urubani ikafika kwa posta. Dualeh alitembea nayo mfukoni wiki nzima, akiitoa kila mara kuhakikisha jina lake bado limo.

Sasa, Dualeh alikuwa na mama yake, Bi Kuluthum, mjane aliyeishi naye. Dada mdogo wa Bi Kuluthum, jina lake Faduma, alikuwa ameolewa Isiolo, na hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka kumi na mmoja. Bi Kuluthum alikuwa amejaribu kwenda mara moja kwa lori. Alitapika tangu Bahati hadi Thomson's Falls, akashushwa pale hajiwezi, akarudishwa nyumbani kwa treni. Tangu siku hiyo, mtu akimtajia lori alikuwa akigeuza uso.

Alasiri moja ya Januari, alipokuwa akichagua mchele uani, mwanawe alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nataka kukupeleka Isiolo kwa ndege."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Lini?" akauliza.

Basi safari ikaanza kupangwa. Dualeh alikuwa hajawahi kuruka mbali kuliko Naivasha, na hata huko alikwenda peke yake. Akaazima ndege moja ndogo ya klabu na ramani, akaitandaza ramani mezani na kuizuia pembe kwa vikombe vya chai. Mkewe, Nuria, aliyekuwa amesoma hadi darasa la nane na aliyependa hesabu kuliko yeye, akavuta kiti.

Mstari wa moja kwa moja kutoka Nakuru hadi Isiolo ulipita kwenye mabega ya milima ya Nyandarua, juu ya msitu usio na mahali pa kutua. Dualeh akaufuta. Akachora njia ya kuzunguka kaskazini: kwanza Thomson's Falls, kwenye maporomoko ya maji, kisha mashariki hadi Nanyuki, Mlima Kenya ukiwa upande wa kulia, kisha kuteremka hadi Isiolo. Kwa mwendo wa ndege ile, dakika ishirini na nne, halafu thelathini na tano, halafu thelathini. Petroli ya kwenda ingetosha na kubaki. Ya kurudi wangeongeza Nanyuki.

"Dakika ya ishirini na nne uko wapi?" Nuria akamuuliza, kama mwalimu.

"Juu ya maporomoko."

"Na kama huyaoni?"

"Nitatafuta kidogo."

"Kidogo ni dakika ngapi?"

Hilo Dualeh hakuwa amelifikiria. Wakakubaliana: dakika ya thelathini ikifika hajayaona maporomoko, anageuka, bila mjadala. Nuria akaiandika kwa kalamu nyekundu pembeni mwa karatasi ya safari, akaipigia mstari mara mbili.

Bwana Kiguu alipoiona ile karatasi aliisoma yote, akauliza swali moja tu. "Mama yako ana uzito gani?"

Dualeh hakujua. Nakuru iko juu, na hewa ya juu ni nyepesi. Ndege iliyojaa huchelewa kupanda, hasa jua likishawaka. Ilibidi kila ratili ijulikane. Kwa hiyo Bi Kuluthum alipelekwa kwenye ghala la Kosgei, aliyekuwa akinunua viazi vya Molo, na akapandishwa kwenye mizani ya magunia mbele ya wapagazi wote.

"Mia moja sabini na mbili!" Kosgei akatangaza, maana ndivyo alivyozoea.

"Hiyo mizani ni ya viazi," Bi Kuluthum akasema akishuka. "Watu haiwajui."

Wapagazi walicheka hadi wakakaa chini. Mizigo nayo ikapimwa. Debe la samli likapita, tende zikapita, doti tatu za kitambaa zikapita. Sufuria kubwa ya pilau ikakataliwa, na Bi Kuluthum akaibishania siku mbili kabla ya kukubali.

Wilaya ya kaskazini, ilikokuwa Isiolo, haikuingiwa bila kibali cha serikali, kwa hiyo Dualeh alikwenda ofisini mara tatu mpaka akakipata. Kisha akamwandikia Faduma barua, akimtajia siku na saa, na kumwomba jambo moja: mifugo isiwepo kwenye uwanja wa ndege.

Siku ya safari, nusu ya Bondeni ilikuwa kwenye uwanja wa klabu kabla ya jua kuchomoza. Bi Kuluthum alivaa viatu vipya. Bwana Kiguu akazungusha pangaboi kwa mkono, injini ikashika, na saa moja kamili asubuhi ndege ikaiacha ardhi. Watu wakapiga vigelegele. Mama alishika kiti kwa mikono miwili, macho yamefumba.

"Fungua macho, mama. Tazama ziwa."

Akafumbua jicho moja. Ziwa Nakuru lilikuwa chini yao, kingo zake zina rangi ya waridi kwa wingi wa ndege waitwao heroe. Akafumbua na la pili.

Lakini walipouvuka ukingo wa bonde kule Bahati, nchi ya mbele ilikuwa haipo. Mawingu meupe yalikuwa yameilalia toka mlima hadi mlima. Dakika ya ishirini na nne ikafika, hakuna maporomoko. Dakika ya ishirini na saba Dualeh akaona tundu kwenye wingu, na chini ya tundu kipande cha barabara. Moyo ukamwambia ashuke pale, afuate barabara. Alikumbuka watu waliowapigia vigelegele. Alimfikiria Faduma uwanjani. Kisha tundu likaziba, na dakika ya thelathini akageuza ndege.

Waliposhuka Nakuru, watu walidhani wamekwishakwenda na kurudi. Walipoambiwa kweli, wengine walicheka. Karani mmoja wa klabu akasema kwa sauti kwamba fundi ni fundi, arudi kwenye spana zake.

Bwana Kiguu alikuja akichechemea, akampa Dualeh mkono. "Nimezika marafiki wawili ambao hawakugeuka," alisema. "Leo ndiyo nimejua umekuwa rubani."

Bi Kuluthum yeye alikuwa amekasirika, ila si kwa kurudi. "Kesho saa ngapi?" akauliza.

Simu ya maandishi ikapelekwa Isiolo. Asubuhi ya pili, saa ile ile, kulikuwa na watu watano tu wa kuwaaga, na mbingu ilikuwa ya buluu, safi kama sahani. Dakika ya ishirini na tano maporomoko yalimeta chini ya bawa. Dualeh alipiga kelele za furaha mpaka mama akamwambia atazame mbele. Kisha tambarare za Laikipia, kisha Mlima Kenya ukasimama kuliani na theluji yake, mkubwa kuliko alivyoutarajia, na mama akaegemeza paji la uso kiooni.

"Kumbe nchi ni kubwa hivi," akasema mwishowe, "na mimi nimekaa Bondeni."

Baada ya Nanyuki nchi iliteremka, joto likaingia ndani ya ndege, na mbele ukaonekana mji wa Isiolo na uwanja wake wa vumbi. Katikati ya uwanja walikuwepo ngamia saba. Dualeh akazunguka juu mara moja. Mwanamke mmoja mwenye shuka jekundu alikuwa akiwakimbiza ngamia wale kwa fimbo, huku na huku, shuka likipepea.

"Faduma!" Bi Kuluthum akapaza sauti, akigonga kioo. "Ndiye! Hata mbio zake ni zile zile!"

Walizunguka mara tatu mpaka ngamia wa mwisho akatoka. Ndege ikagusa ardhi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikakimbia na kusimama. Bi Kuluthum hakungoja kufunguliwa mlango. Dualeh alibaki kitini, injini imezimwa, akiwaangalia wale dada wawili wakishikana nyuso na kuzungumza wote kwa pamoja. Akatoa kalamu na kuandika kwenye karatasi ya safari: tumetua saa mbili na dakika thelathini na tatu.

Faduma akamjia akiwa bado na fimbo mkononi. "Mwanangu," alisema, akihema, "hiki kitu kinaweza kufika hata Wajir, kule mbali kaskazini?"

Dualeh akaikunjua ramani.