Vikadi Vilivyonuka Furu

Juzi, katika duka moja la Musoma mjini, kijana alifungua boksi la sabuni za mche mbele yangu. Harufu iliponifikia nikageuza uso kama mtu aliyefumaniwa. Niwaambie ninyi kwa nini, maana wanangu sijawahi kuwaambia.

Wakati ule wa uhaba, kwetu Mugango hata sarafu ziliadimika. Duka la kijiji likakosa chenji, basi wazee wakaamua kijiji kijitengenezee pesa yake. Wakalikata vipande boksi tupu la mwisho la sabuni, wakavigonga muhuri, nasi tukaviita vikadi. Ukiuza kuku ulilipwa vikadi, na hata sadaka kanisani ilikuwa vikadi. Haukupita muda, wajanja wakaanza kukata vya kwao kwenye majalada ya madaftari, na muhuri wakauchonga kwa kiazi. Kwa hiyo Mzee Magesa, muuza duka, akawa hapokei kikadi kabla ya kukinusa. Chenye harufu ya sabuni ndicho halali.

Sasa mama yangu alikuwa akikausha furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa moshi. Siku moja alinituma dukani unga wa njano, na nyumbani hatukuwa na hata konzi moja. Foleni nzima ikamtazama Mzee Magesa akinusa, akikunja pua, akinusa tena.

"We mtoto, mbona hivi vya kwenu vinanukaga furu? Ni vya kweli, au mama yako kakata mwenyewe?"

"Ni vya kweli, baba."

"Haya. Lakini ntaviweka pembeni. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Unga nilipewa, lakini nilirudi nikilia, nikamwambia mama siendi tena dukani na pesa inayonuka kama yeye. Ndivyo nilivyosema, kama yeye. Aliendelea kugeuza samaki wake.

Tangu hapo vikadi alivyonipa vilinukia vizuri, na Mzee Magesa akaacha kunitania. Siku moja nikafungua kopo la mama, nikakuta vikadi vimefungwa kwenye kitambaa pamoja na kipande cha sabuni, cha mwisho mle nyumbani. Nikamwona mchoyo. Sabuni anayo, halafu anaoga kwa maji matupu na kwenda kanisani akinuka moshi! Jumapili ile niliona aibu kukaa naye, nikaenda kubanana na wenzangu mbele.

Nilikuwa mtu mzima, nafua sare ya binti yangu, ndipo akili iliponijia. Kipande kile angekiogea kingekwisha. Alikiacha kikavu kwenye kopo ili mimi nisichekwe. Wakati huo mama alikuwa ameshazikwa Mugango, na mimi nikakumbuka kwamba Jumapili ile nilipogeuka kumwangalia, alikuwa amesogea pembeni ya benchi, ameniwekea nafasi.