Ufizi wa Wafula

Maziwa yaliyochacha na mafuta ya taa: hiyo ndiyo harufu ya Julai ile, nikiwa darasa la tano, katika chumba chetu kwenye nyumba za polisi mjini Nyeri. Baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Ndugu yangu Wafula, mtoto wa miezi sita, aliharisha na kuchemka mwili mpaka kilio chake kikawa chembamba. Baba alikuwa kazini Timau, na mama hakujua ashike lipi.

Jirani yetu, Mama Brayo, alimfungua mtoto mdomo akaonyesha vivimbe viwili vyeupe kwenye ufizi. "Hiyo ni meno ya plastiki, Mama Nekesa. Isipotolewa utampoteza." Alimjua bibi mmoja aliyeyang'oa kwa waya wa baiskeli uliochongwa. Mama akamfunga Wafula mgongoni, akanishika mkono, tukatoka. Njiani mtoto akalegea shingo. Mama akapiga yowe, akaacha njia ya kwa bibi, tukakimbilia zahanati iliyokuwa karibu.

Muuguzi, mwanamke mkali kutoka Wamagana, alianza kumnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kabla hata ya kuuliza jina. Wafula alipofumbua macho, mama akauliza kuhusu yale meno.

"Ati plastiki! Hiyo ni jino yake," muuguzi akasema, akipapasa ufizi taratibu. "Bado ni laini, iko ndani ya kifuko. Kifuko kiko ndani ya mfupa, na juu kumefunikwa na nyama. Ukichokora hapo, unaharibu hii na ile ya ukubwani inajiunda nyuma yake. Kinachomuua ni kuharisha."

"Lakini huyu mkubwa alitolewa akiwa mchanga, na akapona," mama akasema.

Nikaambiwa nipanue mdomo. Mama alikuwa ameniambia siku zote kwamba meno yangu ya pembeni yamechelewa tu. Muuguzi alitazama, akapapasa ufizi wangu. "Pole, mama. Sidhani hizi zitatoka." Mama alilia zaidi kuliko alivyolia njiani.

Nilimkasirikia mama miaka mingi, sifichi. Wafula hucheka meno yote nje, mimi hucheka nimefumba midomo. Siku hizi zahanati ni nyingi na simu ziko mkononi, lakini maneno ya plastiki bado yanazunguka. Mwanangu mchanga, ambaye ufizi wake umeanza kuvimba, alipopata homa juzi, mama alikuja mbio kwa boda boda. Majirani walipoingia kutujulia hali, alimpakata mjukuu wake, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa mtoto, na hakukiondoa mpaka wote walipoaga.