Mkunjo Kwenye Anga la Nairobi

Ile picha ilining'inia juu ya kochi nyumbani kwetu Matulo tangu nipate akili. Baba, bado kijana, suruali ya miguu mipana, mkono kiunoni, na nyuma yake lile jumba refu la mviringo la Nairobi. Mgeni yeyote aliyekunywa chai pale alipewa habari za mji huo: taa za barabarani, mabasi, askari aliyesimama katikati ya njia akiongoza magari kwa mikono. Baba alikuwa na sauti yake ya Nairobi, ya chini kidogo. Hata sisi tuliozijua hadithi zote tulinyamaza tukamsikiliza.

Mimi nauza vitambaa vya pazia Kitale. Nikikosa wateja, natazama picha za Nairobi ya zamani kwenye simu, mpaka najua mtaa gani ulikuwa na miti na duka gani lilibomolewa. Ujuzi wa bure, lakini ulinipa kiburi.

Krismasi iliyopita tulijaa nyumbani, hata wakwe wa dada yangu walikuja. Baba akaanza hadithi zake. Nikasimama niitazame picha kwa karibu, nikaona mstari umepita angani, ukakata jumba, ukashuka hadi karibu na bega lake. Mkunjo wa kitambaa naujua, ndiyo kazi yangu.

"Baba, hii si Nairobi," nikasema. "Ni kitambaa cha studio kilichochorwa. Si uone mkunjo? Ulipigwa picha hapa tu Bungoma."

Watu wakaangua kicheko. "Ati Nairobi ya Bungoma," akasema baba mkwe wa dada yangu. Baba naye akacheka kidogo, kisha akasema anaenda kumwangalia ng'ombe. Ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa zamani.

Jikoni, mama aliendelea kuchambua mchele bila kuniangalia. "Nilijua tangu mwaka alionioa," akasema. "Hata studio yenyewe naijua. Mimi nimenyamaza miaka hiyo yote. Wewe umeshindwa kungoja hata wageni waende?"

Ulimi huponza kichwa, lakini wangu ulimponza baba. Nilitaka nini? Nilitaka wakwe waone kwamba mimi najua mambo. Ni hilo tu, na linaniuma mpaka leo.

Pasaka nilirudi na binti yangu, na zawadi: picha ya zamani ya Nairobi, ya kweli, nimeitia fremu. Akili yangu ilinituma ati hiyo ndiyo kuomba msamaha. Baba akashukuru, akaiegemeza ukutani, chini. Kwenye msumari wa ile picha yake sasa palikuwa na kalenda ya kanisa.

Binti yangu akajisogeza karibu naye kwenye kochi. "Babu, tuambie za yule askari wa magari."

Baba akaniangalia kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Muulize mama yako, mjukuu wangu," akasema. "Yeye ndiye anayeijua Nairobi."