Kiganja cha Banze

Asubuhi hii nimechemsha maua ya rozela, na harufu yake imenirudisha jikoni kwa mama kabla sijapata nafasi ya kukataa. Ni harufu chachu, yenye udongo kidogo ndani yake, na sukari ikishatiwa nzi wote wa mtaa wanajileta mlangoni. Hapa mjini Kamina watu wengi wanakunywa kinywaji chake baridi kwa kujifurahisha. Mimi nakipika tu.

Kanisa letu la Kimethodisti halikunywesha watu divai. Kwenye meza ya Bwana tulipewa kikombe cha rozela, na aliyeipika alikuwa mama yangu. Baba alikuwa karani wa stesheni ya treni, mtu wa tai na maneno machache, lakini kwangu mwenye cheo nyumbani alikuwa mama, maana damu ya Yesu ilitoka katika sufuria yetu, ile iliyovunjika mkono. Niliwatangazia watoto wenzangu wa shule ya Jumapili kwamba bila mama yangu hakuna atakayeokoka. Mke wa pasta alinifinya sikio, nami nikaona ni wivu tu.

Rozela ilikuwa na kazi nyingine pia. Mtoto akiugua malaria, mama zetu walimtazama viganja na ndani ya kope. Wakiona vimekuwa vyeupe, walisema damu imepungua, wakamnywesha rozela asubuhi na jioni ili irudi. Kila nyumba ilifanya hivyo. Basi kichwani mwangu mambo yakakaa sawasawa: kitu kilekile chekundu kiliwaokoa wakubwa kanisani na watoto nyumbani.

Wiki moja ya Pasaka malaria ilimshika Banze, mdogo wangu, aliyekuwa bado anajifunza kufunga vifungo vya shati lake. Alhamisi alilazwa hospitalini, viganja vyake vyeupe kama unga wa muhogo. Walipima damu ya baba na ya mama, na zote mbili hazikupatana na yake. Muuguzi akamwambia mama, "Ku frigo hamuna damu, mama. Mutafute muntu." Friji ya damu ilikuwa tupu, basi baba alipanda baiskeli kwenda kumtafuta huyo mtu wa kutoa damu, na mama akabaki kitandani kwa Banze.

Ijumaa Kuu asubuhi mke wa pasta alikuja nyumbani kuchukua kinywaji cha kanisa, ambacho mama alikuwa amekipika kabla Banze hajazidiwa. Nililifunika sikio langu kwa mkono. Lakini yeye aliinama mbele ya sufuria, akajaza chupa moja kwanza, akanipa. "Peleka iyi kwa mama yako," alisema. "Mutoto akunywe, damu irudie."

Nilikwenda mbio, chupa kifuani. Nilipopita kanisani sauti ya pasta ilikuwa inatoka kwenye kipaza sauti, ikisema kwamba mwokozi alimwaga damu yake mara moja tu, na inatosha kwa kila muntu. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Damu yenyewe nilikuwa nimeibeba.

Banze alikunywa kwa kiu ambayo sijaiona tena kwa mtu yeyote. "Yaya, tena," alisema, na mimi dada yake nikamwongezea. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitazama njia, kama baba anakuja. Banze alitaka kushika kikombe mwenyewe. Baadaye alilala, nami nikafungua mkono wake polepole, kama nilivyoona wakubwa wakifanya. Kiganja kilikuwa chekundu.

"Mama, kuya uone," nilisema. "Damu inarudia."

Alikuja mbio. Aliuvuta mkono ule kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ulifunguka kwa furaha ambayo hata leo ninaiogopa. Kisha akashika ncha ya kitenge chake, akapangusa. Chini yake kiganja kilikuwa cheupe vilevile. Akaendelea kupangusa, taratibu, kidole kwa kidole, hata palipokuwa hapana kitu tena cha kufuta.

"Njo rozela tu, mama," aliniambia, kwamba ni rozela tu, akiniita mama kama kwetu wanavyowaita mabinti. Hakunigombeza.

Banze alikufa mchana, watu wakiwa bado kanisani. Baba alifika baadaye na mwenzake wa stesheni, mtu mkubwa aliyekuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. Mtu huyo alisimama pale kitandani, mkono wake wazi, hajui ashushe shati au aliache.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia mwokozi. Niliambiwa alikufa ili sisi tusife, na mimi niliamini kama mtoto anavyoamini. Zaidi nilimkasirikia mama, kwa sababu Pasaka iliyofuata alichemsha rozela ileile katika sufuria ileile. Nilidhani amesahau.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza, tukiwa tunachuja pamoja, anawaza nini pasta anapofika msalabani katika mahubiri. Hakuacha kuchuja.

"Minyi naangariaka mama yake tu," alisema, akimaanisha mama wa Yesu. "Alisimama pale, hana na kitu ya kufanya."

Hakuongeza neno juu ya kaburi tupu, wala mimi sikumkumbusha. Siku ile nilielewa kwamba hakuwa analipikia kanisa wokovu wowote. Alikuwa anakwenda kusimama kando ya mama mwenzake. Kifo kile kilituokoa na nini, mimi sijui, na nimeacha kuuliza.

Sasa mama amezeeka, ananiachia mimi jiko, yeye anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikimaliza kuchuja, viganja vyangu vinabaki vyekundu, nami huvisugua upesi kwa majivu kabla hajageuka kuniangalia.