Nilivyomharibia binti yangu inverse proportion kwa akina mama wa kuchagua mchele

Wakuu, asalaam aleikum. Haya sikusimuliwa, yamenifika mwenyewe hapa Kibokoni, na mke wangu ni shahidi maana bado ananicheka.

Mimi ni karani wa clearing, kutoa mizigo ya watu bandarini kule Kilindini. Nyumbani najitia mwalimu wa hesabu. Mnamjua yule mtu aliyepasi kidogo shuleni akajiona profesa? Ndiye mimi.

Binti yangu Rukia alikuwa na mtihani wa proportion, na hesabu anaziogopa mpaka chakula hali. Nikamwambia, "Tulia mama, hii utaiona kwa macho."

Kesho yake shangazi yangu, Bi Zuhura, alikuwa na shughuli ya kuchagua mchele wa harusi ya bintiye. Nikampeleka Rukia. Uani tukakuta akina mama wachache na nyungo zao, kimya, mchele unakwenda.

Nikamwambia: watu wakiongezeka, muda unapungua. Hiyo ndiyo inverse proportion.

Ningeishia hapo ningesalimika. Kimbelembele changu kikanituma kwa majirani kuita wengine.

Wakuu, wakaja. Wakaja na kahawa na habari za mtaa mzima. Salamu peke yake: watoto hawajambo, na yule mgonjwa je, na bibi harusi kaonaje? Nyungo zikalala mapajani. Adhuhuri ikaadhiniwa, mchele uko vile vile.

Nikajaribu kuwahimiza. Shangazi akanikata jicho.

"We mwanamume, una lako hapa? Mtele hautoroki. Hebu tupishe!"

Rukia akaniuliza, "Baba, mbona muda umeongezeka?"

Nikacheka, nikasema tutaongea baadaye. Hatukuongea.

Mtihani ukaja. Vibarua sita huchimba mtaro kwa siku nne. Je, vibarua kumi na wawili watauchimba kwa siku ngapi?

Mwanangu akaandika: "Inategemea kama wanajuana."

Mwalimu akauliza kwa wino mwekundu, "Nani kakufundisha haya?" Nikaangua kicheko, mpaka nilipoona machozi ya Rukia.

"Mimi niliamini ulivyonionyesha, baba."

Iliniuma, siwafichi.

Ijumaa tukaanza upya, mbele ya sinia la wali. Wageni wakiongezeka, masinia yanaongezeka: direct. Watu wakiongezeka kwenye sinia moja, fungu la kila mmoja linapungua: inverse. Hilo alilidaka mara moja, maana kaka zake anawajua.

Kuhusu vibarua nikamweleza ambalo nilipaswa kulisema siku ile: hesabu inachukulia kila mmoja anachimba kwa kasi ile ile.

Akafikiri. "Kwa hivyo wa kitabuni hawapigi soga?"

"Hawapigi, mama."

"Basi siku mbili."

Wakuu, nilitaka kupiga vigelegele.

Funzo: ukimpa mtoto mfano na mfano ukakataa, mweleze pale pale kwa nini umekataa. Usijifiche kwenye kicheko.

Mwalimu alimpa mtihani mwingine, akapasi. Jana wameanza fractions, nikavuta kiti nimsaidie. Akafunga kitabu taratibu, akaniambia kwa adabu zote, "Ahsante baba, hii nitamuuliza mama."

Wazazi wenzangu, nani mwingine kafukuzwa kazi na mwanawe? Semeni, nisiwe peke yangu.