Filamu ya Jabiri na Mashaka ya Dada Zamda

Dada yangu Zamda hamwamini mtu. Simsemi vibaya, ukimuuliza mwenyewe atakwambia hivyo hivyo, kisha atataka kujua kwa nini umeuliza. Akinunua sukari dukani anaipima upya nyumbani kwa kikombe chake. Jirani akimletea mchuzi, anashukuru kwa maneno matamu, anafunika bakuli, na baadaye kuku wake wanaonekana wameshiba kuliko kawaida. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, Hafsa, muuza vitumbua wa hapa Misima, na hata vitumbua vyangu anavipasua katikati kwanza, anavichungulia, ndipo anakula.

Shamba lake la muhogo liko kando ya njia ya kwenda mtoni. Kila jioni huifagia ile njia, asubuhi huenda kusoma nyayo. Huyu kavaa kandambili iliyolika kisigino, huyu anakanyagia ubavu wa mguu, huyu alikuwa na mzigo begani. Ukipita kwenye muhogo wake atakutaja kwa jina mbele ya watu, na sijawahi kumsikia akikosea. Niliwahi kumtania kwamba angefaa kuwa polisi. Akanijibu kwamba polisi nao hawaamini.

Mtu mmoja tu aliingia na kutoka kwa dada bila kuchunguzwa, naye ni mwanawe, Muhsin. Baba yake, Mhina, alifariki Muhsin akiwa bado ananyonya, basi wakabaki wawili. Utotoni Muhsin alidondoka kutoka kwenye mkokoteni, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, unyayo ukawa unaangalia pembeni. Pamoja na mguu huo akarefuka mpaka tukaanza kumcheka, na mlango wa nyumba ya dada ni mfupi. Baada ya kugonga paji la uso mara nyingi akazoea kupeleka kiganja juu ya fremu kwanza, anaigusa, ndipo anainama kuingia. Mwishowe alikuwa anagusa fremu ya kila mlango, hata wa msikitini ambao tembo angepita.

Alipata ajali ya pikipiki akitoka Korogwe. Maiti ililetwa ikiwa imefungwa, wanaume wakaosha, wakavisha sanda. Dada akaomba afunuliwe uso. Wazee wakamwambia, mama, uso umeumia, bora umkumbuke alivyokuwa. Kwetu sisi wanawake hatuendi makaburini. Jeneza lilitoka uani likiwa mabegani mwa wanaume, sisi tukabaki na vilio vyetu na masufuria. Kwa hiyo mtu asiyeamini hata uzito wa sukari alitakiwa aamini kwamba ndani ya kile kitambaa alikuwamo mwanawe.

Hakuamini. Hakulisema, lakini mimi namjua. Watu wakimpa pole kwa kifo cha mwanawe, alijibu, "Muhsin hayupo." Arobaini ikapita, mwaka ukapita, jibu likabaki lile lile. Nguo zake hazikugawiwa. Kandambili zake zilikaa nyuma ya mlango, na dada alizipangusa vumbi. Niliudhika. Niliona anakataa kazi ya Mungu, na siku moja nilimwambia hivyo usoni. Akaendelea kupangusa kandambili.

Sasa nije kwenye hiyo filamu. Ilikuwa siku ya gulio, mvua ikatushika mchana sokoni, mimi na dada tukakimbilia banda la video tuliloliona karibu. Dada alikuwa hajawahi kukanyaga humo. Anaamini ndiko watoto wanakofundishwa wizi. Tukakaa benchi la nyuma na beseni langu la vitumbua. Watu walikuwa wanamlalamikia mwenye banda kwamba sauti imekatika. Yeye akasema hiyo filamu haina sauti tangu ilipozaliwa, imetengenezwa na kijana wetu Jabiri aliyehamia Korogwe, wanaotaka kelele wasikilize mvua.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe, inatetemeka kidogo. Watu walifungua midomo, wakasema, hakuna kilichosikika. Kisha likatokea karatasi la mfuko wa saruji lililoandikwa kwa mkaa walichosema. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtu aliyekufa anayerudi kijijini mchana kweupe. Anakwenda mlango hadi mlango, hasemi neno, na kila anapokaribia, mwenye nyumba anasahau jina lake mwenyewe. Uso wake ulipakwa unga, macho yamezungushiwa masizi. Nilianza kucheka, nikaona dada hacheki.

Yule maiti alikuwa anakuja kutoka mbali, katikati ya mashamba ya mkonge. Alikuwa mrefu. Unyayo wa kushoto uliangalia pembeni. Akafika kwenye mlango wa kwanza, akapeleka kiganja juu, akagusa fremu, akainama.

"Muhsin," dada akasema. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula.

Nikamshika mkono nikamwambia ni maigizo. Lakini hata mimi mwili ulinisisimka, sidanganyi. Yule mtu pale kwenye kioo akafungua mdomo, akaufunga, bila sauti. Mama mmoja mbele yetu akageuka, akamtazama dada, akatazama kioo. Kisha akasema kile ambacho kila mtu alikuwa ameanza kukifikiria. "Huyo hana ulimi. Huyo ni msukule."

Kwa asiyejua mambo yetu: watu husema mchawi anaweza kumchukua mtu, ninyi mkadhani amekufa, mkalia, mkazika, kumbe mmezika mgomba. Mwenyewe anafichwa mahali, ulimi umekatwa, uso umepauka, anatumikishwa kimya kimya. Basi tazama tulichokuwa tunatazama. Mrefu, mweupe wa unga, hasemi, na mwendo ni wa Muhsin mtupu. Mvua haijakatika, habari ilikuwa imeshafika mwisho wa soko.

Na dada, ambaye kazi yake ni kusoma nyayo, akaanza kumsoma Jabiri. Huyu Jabiri alikuwa rafiki wa Muhsin tangu shule, kula kwao kumoja, kulala kwao kumoja. Siku ya msiba alilia kuliko ndugu. Alikuwa mmoja wa walioosha maiti, yaani aliuona uso ambao mama mtu alinyimwa. Baada ya arobaini akahamia kabisa Masuguru, Korogwe, alikokuwa na studio ya picha za harusi. Na tangu hapo hakuwahi kuja kumsalimu dada. Kila kipande kilikuwa kweli. Nilijaribu kukipangua kimoja kimoja, nikashindwa, na mimi ndiye niliyejiona mwenye akili katika familia.

Keshoye vijana walikwenda na majembe kwa mtendaji wa kijiji, bwana Semboja, wakitaka kaburi lifukuliwe waone mgomba. Wengine walipita kwa mama yake Jabiri, Bi Ikram, wakapiga mawe bati lake, wakamwambia mgomba ukionekana, nyumba itawaka na yeye ndani. Bi Ikram ni mama wa watu, anatembelea fimbo. Mtendaji aliona hawezi kuwazuia kwa muda mrefu, akawaambia mwenye mtoto ndiye mwenye neno. Zamda akisema fukueni, yeye atatafuta kibali. Akisema acheni, waache. Vijana wakakubali, maana walijua Zamda atasema nini.

Dada akasema, "Kwanza nimwone. Msukule haongei. Nitamsikiliza mwenyewe kwa masikio yangu."

Tulipanda gari la asubuhi la Korogwe. Alikuwa amepika bada, ule ugali wa muhogo aliokuwa anaupenda Muhsin, na samaki wa nazi, akavitia kwenye hotpoti na kuipakata njia nzima. Kondakta alitaka kuiweka chini ya kiti, akatazamwa jicho ambalo nadhani bado analikumbuka. Tulipopita Handeni mjini nikamuuliza, je, kama ni mtu mwingine tu? Akaniambia nisimchoshe.

Studio ya Jabiri iko ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga. Mashine ikiwaka, pale hakusikiki kitu. Wateja wanasogea mpaka kwenye shavu lake ndipo wanaeleweka. Tulipofika ilikuwa imenyamaza. Jabiri alipotuona mlangoni alisimama, na rangi ikampotea. Nikajisemea moyoni, ameona amekamatwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo mama mdogo."

Mimi nikaitikia. Dada hakuitikia. Aliangalia nyuma ya pazia la picha, akainama chini ya meza, akafungua mlango wa stoo. "Yuko wapi?" akauliza.

Jabiri hakuuliza nani. Na hilo pia dada aliliona, nilijua ameliona. Kijana akaingia barabarani, akapiga mluzi, na kutoka kwenye kijiwe cha baiskeli ng'ambo ya pili akaja mtu mrefu, mikono imejaa grisi. Alikuja anatembea kwa miguu yote miwili iliyonyooka. Na alianza kuongea kabla hajavuka barabara.

"Shikamoo mama, shikamooni. Karibuni Korogwe. Mimi naitwa Lukasi, kwetu Kwamndolwa, babu alikuja kukata mkonge hatukurudi tena kwao. Jabiri kaniambia habari zako, poleni sana na msiba, mama, mimi sikumwahi Muhsin lakini kwa nilivyoambiwa ni kama tumeishi wote. Mmepata chai?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya haraka, haifanani na ile sauti nzito ya Muhsin hata kidogo. Ulimi anao, tena mrefu. Nilipumua. Nilijisikia mwepesi, nikamgeukia dada karibu nicheke. "Umesikia lakini, dada? Anaongea."

"Nimesikia," akasema.

Kisha akakaa chini, pale pale sakafuni, hotpoti mapajani. "Kwa hiyo yuko kule," akasema. "Kwa hiyo ni yeye tuliyemzika."

Hapo ndipo nilipomwelewa dada yangu, na niliona aibu. Sisi wote tulikuwa tunauogopa uchawi. Yeye alikuwa anauombea uwe kweli. Msukule anaweza kupatikana, anaweza kurudishwa. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameshikilia mashaka yake kwa sababu ndimo mwanawe alimokuwa hai, na Lukasi wa watu alikuwa amemuua kwa shikamoo.

Alilia. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya jeneza, na mashine ya jirani ikawashwa, ikamfunika, hata wapita njia hawakugeuka. Jabiri alipiga magoti mbele yake, akawa anaongea karibu na sikio lake, na mimi nikasogea nisikie. Shuleni waliokota kitabu kisicho na jalada, hadithi za kutisha za zamani za nchi za baridi, wakakisoma mpaka kikachanika. Waliapa watatengeneza filamu ya ile ya maiti anayetembea mchana. Kipaza sauti hawakuwa nacho na mashine ilikuwa inanguruma, ndipo Muhsin akasema isiwe na sauti basi, maiti ana la kuongea gani. Yeye ndiye angekuwa maiti. Siku ile ya ajali alikuwa ametoka kufanya mazoezi hapo hapo studio.

"Nilishindwa kuja kwako, mama," Jabiri akasema. "Ningekuambia nini? Nikamfundisha Lukasi atembee kama yeye. Nilitaka awemo. Sikufikiria utaiona hivyo."

Dada akajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamtazama Lukasi kwa lile jicho la kwenye njia ya shamba, kuanzia kisogoni mpaka visiginoni.

"Tembea," akamwambia. "Toka pale nje, uje mpaka mlangoni. Usiseme kitu."

Lukasi akatoka. Akageuza mguu wa kushoto, akaja polepole, mrefu, kimya. Akafika, akapeleka kiganja kwenye fremu.

"Sivyo," dada akasema. "Huo mkono wa kulia anakuwa ameshika kandambili. Anavua uani kabisa, hachafui nyumba. Gusa kwa kushoto. Na mguu usiuburute, hakuwa anauburuta, alikuwa anautupa. Rudia."

Lukasi akavua kandambili zake, akarudi nje. Safari hii alipokuja, nami nilifunika mdomo. Mguu ulitupwa kama unavyotupwa. Kandambili mkono wa kulia. Kiganja cha kushoto kikapanda, kikagusa juu ya mlango, kikakaa.

Dada akamtazama mpaka akatosheka. "Haya," akasema. "Ingia ule."

Lukasi alikula bada yote na samaki, na aliongea tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho. Tulipokuwa tunaaga, Jabiri akamwamkia tena dada, na dada akasema, "Marahaba, mwanangu."

Misima tulikuta watu wamejaa ofisini kwa mtendaji. Majembe yameegemezwa ukutani. Bi Ikram alikuwa ameletwa, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake, hamtazami mtu. Semboja akasema mwenye mtoto amerudi, tumsikilize.

Dada hakukaa. Alikwenda kwanza kwenye yale majembe, akayaangalia moja moja, akajua bila shaka lipi ni la nani. Kisha akageuka.

"Kaburi lisiguswe," akasema. "Aliyemo ni Muhsin. Mwanangu amekufa."

Watu wakachukua majembe yao wakaondoka. Mimi na dada tulimsindikiza Bi Ikram mpaka kwake, tukaliangalia lile bati. Kesho yake asubuhi dada alinituma niite majirani waje kugawiwa nguo za Muhsin.